Ngitili Ndani ya Kompyuta: Historia Fupi ya Bafa

Wasukuma wana neno ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi ziote mpaka zikomae zikiwa zimesimama. Linafunguliwa kiangazi kikishakolea, Julai au Agosti, na hata hapo halifunguliwi lote kwa mpigo. Linalishwa kipande kwa kipande, na wa kwanza kufikiriwa ni ndama, wagonjwa, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Mgeni akipita mwezi Machi ataona ardhi nzuri imekaa bure huku ng'ombe wa jirani wanahangaika. Anaweza kudhani ni ubahili. Akirudi Septemba ndipo ataelewa.

Nimelitaja neno hilo kwa sababu ndani ya kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao, na ndani ya simu unayosomea makala hii, kuna ngitili. Wahandisi wanaiita bafa: sehemu ya memori iliyotengwa mapema, kabla hata ujumbe mmoja haujafika, ili ujumbe ukifika ukute pa kukaa. Historia yake haisimuliwi sana kwa Kiswahili, na nadhani inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Hapa Geita mtandao ukisumbua tunasema "mtandao uko chini", kama tunavyosema mvua imegoma. Tunanyamaza, tunasubiri. Lakini mara nyingi kilichotokea si kama hali ya hewa. Kuna mtu, mahali fulani, aliamua kitengwe kiasi gani, na kikijaa nani aachwe nje.

Kwa nini isiombwe wakati wa kuhitaji?

Programu ya kawaida, tuseme ya kuandikia barua, ikihitaji memori inaiomba kwa mfumo endeshi. Memori ikiwa haba, programu inasubiri kidogo, na hakuna kinachoharibika. Mtandao hauna subira hiyo. Paketi, yaani kile kipande kidogo ambacho kila ujumbe hukatwa ili usafiri, inafika kwa wakati wake yenyewe. Ikifika, kompyuta inakatizwa kazi iliyokuwa ikifanya ili iipokee. Katika hali hiyo sehemu ya mfumo endeshi inayopokea hairuhusiwi kulala wala kusema ngoja nikatafute nafasi.

Anayejua machimbo ya Nyarugusu au Rwamagasa ataelewa haraka. Karasha likishawashwa na mawe yakaingia, unga unatoka. Huwezi kuuambia unga usubiri mtu aende dukani kununua viroba. Viroba vinawekwa tayari, vikiwa vitupu, kabla ya kuwasha mashine. Visipokuwepo unga unamwagika chini, na unga huo ndio dhahabu yako.

Kadi ya mtandao ni hivyohivyo. Mfumo endeshi unaipa mapema orodha ya nafasi za memori, tuseme 256 au 512, zilizopangwa kwa mzunguko. Kadi inaandika paketi moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Mfumo endeshi unapita nyuma yake, unaondoa kilichojaa na kuweka kitupu mahali pake. Kadi ikikuta mzunguko wote umejaa, paketi inayokuja inatupwa. Namba moja inaongezeka kwenye hesabu ya zilizopotea, basi. Aliyeituma haambiwi kitu. Atajua mwenyewe asipoona jibu.

Mtego wa ARPANET

Tatizo hili lilionekana mapema sana. ARPANET, mtandao wa majaribio uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulianza 1969 ukitumia mashine zilizoitwa IMP, kazi ya kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts. Kila IMP ilikuwa kompyuta ya Honeywell yenye memori ya kama kilobaiti 24. Picha moja ya WhatsApp leo haienei humo. Ndani ya nafasi hiyo ilibidi ikae programu yenyewe, na kilichobaki kikawa bafa.

Ujumbe mrefu ulikatwa vipande visivyozidi 8, vya kama biti 1,000 kila kimoja, na IMP ya mwisho ilitakiwa kuviunga tena kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Robert Kahn, aliyekuwa BBN, akaona mtego. Tuseme jumbe kadhaa zinaelekea kituo kimoja kwa pamoja. Kila mmoja umefikisha vipande vichache, na vipande hivyo vimejaza bafa zote. Hakuna ujumbe uliokamilika, kwa hiyo hakuna cha kukabidhi, kwa hiyo hakuna bafa inayoachiliwa. Vipande vilivyobaki viko kwa majirani, vinabisha hodi, na haviwezi kuingia kwa kuwa hakuna nafasi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na hakuna aliyekosea.

Wenzake hawakulipa jambo hilo uzito. Mapema 1970 Kahn na David Walden walikwenda chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, wakaurushia mtandao ujumbe wa aina hiyo kwa makusudi, na mtandao ukakwama kama alivyotabiri. Dawa iliyokuja baadaye ilikuwa ya kiungwana: hodi kwanza. Kabla ya kutuma ujumbe wa vipande vingi, IMP ya mtumaji iliomba nafasi. IMP ya mpokeaji ikishatenga bafa za kutosha ujumbe mzima, ndipo inajibu karibu. Huo ulikuwa mwanzo wa kutenga bafa kwa ahadi, na tangu hapo hoja haijabadilika sana. Usimkaribishe mgeni nusu mwili.

Mwaka 1974

Mei 1974 Kahn na Vinton Cerf walichapisha makala iliyoweka msingi wa TCP, utaratibu ambao intaneti inautumia hadi leo. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwa miaka tisa iliyofuata serikali ilijifunza kwa hasara kwamba kununua mashine ni jambo moja na kuwa na watu wa kuiendesha ni jambo lingine.

Na katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilipita Shinyanga, mkoa ambao wakati ule ulijumuisha pia Bukombe na Mbogwe, ambazo leo ziko Mkoa wa Geita ulioundwa 2012. Watu walihamishwa mbali na maboma yao, na ngitili zao zikabaki bila mwenyewe. Ardhi yenyewe ilikuwa imeshachoka. Tangu enzi za Waingereza misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikapanuka, na mifugo ikaongezeka. Ngitili ndiyo iliyokuwa imebaki kama kinga, nayo ikalegea. Kufikia miaka ya 1980 watu walizungumza waziwazi kwamba Shinyanga inageuka jangwa.

Sisemi mambo hayo matatu yana uhusiano. Ninachosema ni kwamba akiba iliyotengwa ina udhaifu mmoja: kwa anayeitazama kutoka nje inafanana na kitu kisichotumika. Ukiipanga upya nchi, au ukiipanga upya memori ya kompyuta, ni rahisi sana kuifuta kwenye ramani, na kosa halionekani mpaka kiangazi.

Neno moja: usisubiri

Agosti 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD. Hilo ndilo lililopeleka TCP/IP kwenye vyuo na maabara duniani, na ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kilichoitwa mbuf. Mbuf moja ilikuwa na baiti 128, kati yake 112 za kubebea data. Paketi ndogo iliingia kwenye mbuf moja. Kubwa iliunganishwa kama mnyororo, au ikawekwa kwenye kipande kikubwa zaidi kilichoitwa klasta, cha baiti 1,024, baadaye 2,048. Bila klasta, paketi kamili ya Ethernet ya baiti 1,500 ingehitaji mbuf 14.

Nataka tukae hapa kidogo, maana usanifu huu una maadili ndani yake ukiuangalia vizuri. Kwanza, kila anayeomba mbuf analazimika kusema kama yuko tayari kusubiri au hayuko. Programu inayotuma inaweza kusubiri. Sehemu inayopokea kutoka kwenye kadi haiwezi, kwa hiyo inasema "usisubiri", na inajua huenda ikajibiwa hakuna. Pili, memori iliyokwisha kupewa mtandao haikurudishwa tena kwa matumizi mengine ya kompyuta, hata mtandao ukiwa umelala. Iliwekwa kando, ikabaki kando, kama ngitili. Tatu, akiba ikiisha, mfumo unapita kwa kila idara ukiomba irudishe inachoweza kuacha, na vya kwanza kutupwa ni vipande vya jumbe zisizokamilika, vilevile vilivyoikwamisha ARPANET.

Na ilikuwa na kikomo. Msimamizi wa seva alipanga idadi ya klasta kabla ya kuwasha mashine. Wengi hawakupanga kitu, waliacha namba iliyokuja nayo. Siku wateja walipoongezeka, ujumbe ulitokea kwenye skrini kwamba ramani ya mbuf imejaa, na seva ikaacha kupokea watu ilhali kwingineko ndani yake memori ilikuwepo ya kutosha. Mashine ilikuwa nzima, umeme upo, waya upo. Ila tengo la mtandao lilikuwa limeisha.

Kwa nini basi tusitenge nyingi tu?

Ni swali la haki, na jibu lake lilikuja mapema. Desemba 1985 John Nagle wa kampuni ya Ford Aerospace aliandika waraka mfupi, namba 970 katika mfululizo wa nyaraka za intaneti, akiuliza kitu cha ajabu: itakuwaje kama mashine ya kupitisha paketi ina bafa zisizo na mwisho? Jibu lake ni kwamba mtandao utakufa vilevile. Kila paketi ina muda wake wa kuishi. Foleni ikirefuka bila kikomo, paketi zinazotoka mbele ya foleni zitakuwa zimeshapitwa na muda. Zinatupwa. Mashine inafanya kazi mchana na usiku, na haifikishi kitu.

Oktoba 1986 dunia ilionja kitu cha jamii hiyo. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mara 800. Foleni zilijaa, watumaji wakaona kimya wakadhani paketi zimepotea, wakatuma tena, foleni zikajaa zaidi. Van Jacobson, aliyechunguza tukio hilo, alichapisha dawa mwaka 1988: mtumaji aanze taratibu, aongeze kidogo kidogo, na akiona paketi imepotea apunguze. Kwa maneno mengine, kupotea kwa paketi kukawa ndiyo ishara. Njia ikijaa, mtumaji anajua kwa kuwa kuna kilichotupwa. Tukumbuke hilo, maana ndilo lililokuja kutuumiza sisi.

Setilaiti, kisha waya

Afrika Mashariki iliingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa angani. Mwaka 1991 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilirushwa ikiwa na nafasi iliyotengwa kwa shirika la SatelLife, ambalo daktari Bernard Lown alikuwa mwanzilishi wake. Mtandao wake uliitwa HealthNet, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutumia. Setilaiti ilipita juu mara chache kwa siku. Kituo cha ardhini kiliirushia barua, yenyewe ikazihifadhi kwenye memori yake, ikaendelea na safari, na ilipofika juu ya kituo kingine ikazishusha. Ilikuwa bafa inayozunguka dunia. Daktari hakutarajia jibu muda uleule. Alitarajia jibu, na barua ilifika.

Baadaye zikaja setilaiti zinazosimama sehemu moja, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na yale madishi makubwa ya mgodini, kwenye mabenki na kwenye vibanda vya intaneti. Hapo hesabu inabadilika. Swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. TCP ya zamani iliruhusu baiti 65,535 tu ziwe njiani bila kukiriwa kupokewa. Gawa kwa nusu sekunde: unapata megabiti moja hivi kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata ungelipia kasi mara kumi ya hiyo. Kikomo kiliwekwa na watu ambao njia zao zilikuwa fupi. Marekebisho yalichapishwa 1992, katika waraka namba 1323, lakini yalidai pande zote mbili ziwe na bafa kubwa zaidi, na mfumo endeshi wa zamani haukujua habari hiyo.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukawa unasambazwa kuelekea mikoani. Muda wa safari ukapungua sana. Tungetegemea shida ya bafa iishe. Ikaja nyingine, kinyume chake.

Namba moja, dunia mbili

Kwa miaka mingi Linux iliipa kadi ya Ethernet foleni ya kutumia yenye nafasi ya paketi 1,000. Ni namba nzuri kwa aliyeichagua. Paketi 1,000 za baiti 1,500 ni biti milioni 12. Kwenye waya wa gigabiti moja foleni hiyo ikijaa inaisha kwa milisekunde 12, hata jicho halijapepesa. Sasa chukua mashine ileile, na namba ileile, uiweke kwenye kibanda cha intaneti ambacho njia yake ya kutoka ni megabiti moja. Foleni ikijaa inachukua sekunde 12 kuisha. Mtu mmoja akipakia video, mwingine aliyebonyeza kutuma maombi ya mkopo wa chuo anasubiri nyuma yake sekunde 12, fomu inakata, anaanza upya.

Na ubaya ni kwamba ishara ya Jacobson imezimwa. Mtumaji anasubiri paketi ipotee ndipo apunguze, lakini bafa ni kubwa mno, hakuna kinachopotea. Memori ilishakuwa rahisi, watengenezaji wa ruta na modemu wakaijaza wakidhani wanafanya hisani. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani aliyechoshwa na intaneti ya nyumbani kwake, aliupa ugonjwa huo jina, kwa maana ya bafa iliyovimba, na kuonyesha kwamba uko kila mahali. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yuleyule wa 1988, wakatoa dawa iitwayo CoDel, na Linux ikaipokea mwaka huohuo. CoDel haihesabu paketi ngapi zipo kwenye foleni. Inauliza kila paketi imekaa humo muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa mfululizo wa milisekunde 100, inaanza kutupa, ili mtumaji apate habari mapema.

Hata hizo 100 zilichaguliwa kwa kufikiria safari ya kawaida ya paketi kwenye intaneti. Kawaida ya nani? Ya aliyeko karibu na seva. Zinaweza kubadilishwa, lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba zipo.

Mwaka huohuo wa 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alionyesha upande wa pili kwa kazi yake iitwayo netmap. Alitenga bafa zote mara moja mwanzoni, hakuziachilia kamwe, akawa anabadilishana tu kilichojaa na kitupu. Kichakataji kimoja cha megahezi 900 kikaweza kupitisha paketi milioni 14.88 kwa sekunde, kikomo cha waya wa gigabiti 10. Mashine haikuwa mpya. Kilichobadilika ni jinsi akiba ilivyopangwa.

Nani anapanga

Shinyanga haikubaki jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulipanda miti kwa mtindo wa kitaalamu, ila kilichokuja kufanya kazi ni kuwauliza wazee na kurudisha ngitili. Za kaya na za kijiji, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na kwa dagashida, mkutano wa jadi ambao mtu akivunja mpaka anaitwa mbele ya wenzake. Kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zimeorodheshwa mwanzoni, zilifika zaidi ya hekta 300,000 kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2002 mpango huo ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator. Haikuwa bila malalamiko. Mwenye ardhi kubwa alitenga zaidi na kuvuna zaidi, na asiye na ardhi alikuta njia ya ng'ombe wake imefungwa. Yaani ngitili ikizidi nayo inaumiza. Lakini mjadala ulifanyika hadharani, na waliojadili ndio waliokuwa na ng'ombe.

Hapo ndipo mtandao wetu unapokosa kitu. Tuwe wakweli, si kila kukatika ni bafa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, na nchi nzima ikahisi. Hakuna bafa inayoponya waya uliokatika. Lakini ule usumbufu wa kila siku, video inaendelea ila simu inakatakata, fomu inagoma saa mbili usiku tu, mara nyingi ni foleni, na foleni ina namba, na namba ina mwenyewe. Kwenye ruta nyingi mpya dawa ya 2012 imo ndani tayari, imezimwa tu. Shule, zahanati au kibanda cha intaneti kinaweza kumuuliza fundi wake maswali mawili: foleni ya kutoka ina urefu gani, na ikijaa nani anaachwa? Fundi akijibu kwamba ni ya kiwandani, muulize kiwanda hicho kiko wapi na waya wake una kasi gani.